Kiingereza na wasomaji: “The team is” au “the team are”?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kutoka Lubumbashi na miji ya jirani, zinagusa jambo moja: neno la Kiingereza linalotaja kundi, kama “team”, “staff”, “crew” au “committee”, lifuatwe na kitenzi cha umoja au cha wingi. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linafungua nyingine. Mifano ya Kiingereza iko ndani ya alama za kunukuu.

Walimu, jambo. Ninafanya kazi mgodini na ripoti zetu za zamu zinaandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi wetu, mtu wa Afrika Kusini, anaandika “The night shift are ready”. Mhandisi aliyesomea Marekani anaikata na kuandika “The night shift is ready”. Wote wawili ni wakubwa wangu. Yupi anakosea, na mimi niandike nini?
*Fundi wa mitambo, Kampemba*

Hakuna anayekosea. Kila mmoja anafuata Kiingereza alichokulia. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichozaa kile cha Zambia na cha Afrika Kusini, kinakubali njia zote mbili: umoja ukilitazama kundi kama kitu kimoja, wingi ukiwatazama watu waliomo. Kiingereza cha Marekani kinashikilia umoja karibu kila mara.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunababaika hapa kwa sababu Kifaransa kinafuata umbo la neno. Ni “l'équipe est” hata kama ekipe yenyewe ina watu hamsini. Kiswahili nacho kwa kawaida kinafuata ngeli ya neno: jeshi limefika, kamati imeamua. Mwingereza anajiuliza swali jingine kabla hajachagua kitenzi: jambo hili linalihusu kundi zima kama mwili mmoja, au linamhusu kila mtu aliyemo ndani yake?

Chukua “crew”, yaani watu wa zamu moja au wa mtambo mmoja. Ukisema “The crew was formed in March”, kilichoundwa mwezi wa Machi ni kundi. Watu wenyewe walikuwepo tangu zamani. Hapo hata Mwingereza anaacha wingi. Ni vilevile kwa “The crew consists of twelve men”, ina watu kumi na wawili, na “The crew is too small for this job”, ni ndogo mno kwa kazi hii. Lakini ukisema “The crew are putting on their boots”, kila mtu anavaa buti zake katika miguu yake mwenyewe. Hapo Mwingereza anapenda “are”, kwa sababu “The crew is putting on its boots” inamfanya aone mnyama mmoja mwenye miguu ishirini na minne. Mmarekani pia haipendi sentensi hiyo, ila dawa yake ni tofauti: haangalii kitenzi, anabadilisha kiima. Ataandika “The crew members are putting on their boots.” Dawa hiyo ya Mmarekani ishike vizuri, kwa sababu inakubalika kote na haimuudhi mtu.

Kosa lenyewe, lile ambalo wakubwa wako wote wawili wangelikata, ni kuchanganya njia mbili ndani ya sentensi moja. Tazama hii, ambayo tunaikuta mara nyingi katika ripoti:

“The crew has finished their shift and are going home.”

Kitenzi cha kwanza, “has”, ni umoja. Kimilikishi “their” ni wingi. Kitenzi cha pili, “are”, ni wingi pia. Mwandishi ameanza na mwili mmoja akamaliza na watu wengi. Inatengenezwa kwa njia mbili. Ukichagua umoja: “The crew has finished its shift and is going home.” Ukichagua wingi: “The crew have finished their shift and are going home.” Angalia kwamba tumegusa sehemu mbili kwa njia ya kwanza, na moja tu kwa njia ya pili. Ndiyo maana ni vizuri ukishaandika sentensi uirudie ukitafuta vitu vitatu: vitenzi vyote, kimilikishi, na kirejeshi. Kirejeshi nacho kinafuata uamuzi wako: “the committee, which has met twice” upande wa umoja, “the committee, who have met twice” upande wa wingi. Katika mazungumzo wenye lugha wenyewe wanateleza, na “has” ikifuatwa na “their” utaisikia kila siku. Ripoti ya kazi isiige mtelezo huo.

Neno linalotangulia kundi halibadiliki hata ukichagua wingi. Mwingereza anasema “this committee have decided”. “These committee” hasemi. Na penye “each” au “every” mlango wa wingi umefungwa: “Every crew has its own leader.”

Sasa uandike nini. Kwanza ujue kwamba tofauti hii haionekani kila mahali. Inaonekana katika wakati uliopo, katika “has” na “have”, “is” na “are”, “was” na “were”, “does” na “do”. Penginepo pote Kiingereza hakionyeshi kitu. “The night shift started at 18:00”, “The night shift will check the pump”, “The night shift must sign the register”: sentensi hizo ni zilezile London, Kitwe na Chicago. Ripoti ya zamu karibu yote ni mambo yaliyokwisha kutendeka, kwa hiyo ukitumia wakati uliopita ugomvi wa wakubwa wako unapungua wenyewe. Pale ambapo huna budi kutumia wakati uliopo, tumia umoja. Mwingereza anaweza kupendelea “are”, lakini “is” hataiita kosa, na Mmarekani anaitaka.

Kwenye tovuti za mpira za Uingereza ninasoma “Arsenal are”, “England are”. Mimi niliandika “TP Mazembe are” mwalimu akanikatia alama. Juu ya nini wao waruhusiwe na mimi nikatazwe?
*Mpenzi wa mpira, Kamalondo*

Mpira ndio mahali ambapo Waingereza wanashikilia wingi kuliko pote. Jina la timu likimaanisha wachezaji walio uwanjani, gazeti la Uingereza litaandika wingi karibu bila kukosa. Kwa hiyo “TP Mazembe were champions of Africa in 2009 and again in 2010” ni sentensi safi kabisa, na “In December 2010 TP Mazembe were beaten 3-0 by Inter Milan in Abu Dhabi” pia ni safi, ingawa habari yenyewe bado inauma. Gazeti la Marekani lingeandika “was” katika zote mbili.

Lakini klabu ni kitu pia, chenye ofisi, uwanja na mwaka wa kuzaliwa. Ukiandika kwamba ilianzishwa mwaka 1939, “TP Mazembe was founded in 1939” ndiyo inayokaa vizuri zaidi hata kwa Mwingereza, maana waliocheza 2010 hawakuanzishwa na mtu.

Faida ya njia ya Waingereza inaonekana jina la nchi likiwa pia jina la timu. “Zambia is our neighbour”: nchi ya Zambia ni jirani yetu. “Zambia are playing on Saturday”: timu ya Zambia inacheza Jumamosi. “Zambia were champions of Africa in 2012”: msomaji anajua tangu kitenzi kwamba hapa ni mpira, hata kabla hajafika kwenye neno “champions”.

Wamarekani wana desturi yao. Timu ikiitwa kwa jina la mji ni umoja: “Chicago is winning.” Ikiitwa kwa jina lenye umbo la wingi ni wingi: “The Bulls are winning.” Ni wachezaji walewale, usiku uleule.

Kuhusu alama yako: mwalimu akiwa anafundisha Kiingereza cha Marekani na amewaambia mapema, amefanya haki. Asipokuwa amewaambia, sentensi yako haikustahili kukatwa.

Ninatafuta kazi. Katika barua yangu nimeandika “I was a staff of the company for four years. The staffs were very kind.” Rafiki yangu anasema zote mbili ni mbovu. Ni kweli?
*Mama msomaji, Katuba*

Ni kweli, mama, na ni vizuri umeuliza kabla hujaituma. “Staff” ni wafanyakazi wote wa mahali pamoja. Mtu mmoja hawezi kuwa “a staff”, kama vile mchezaji mmoja hawezi kuwa timu. Mtu mmoja ni “a member of staff” kwa Uingereza, “a staff member” kwa Marekani. Na “staffs” inatumika tu ukiwa na makundi mawili au zaidi ya sehemu mbalimbali, kwa mfano “the staffs of the two hospitals”. Ni nadra, na katika barua ya kuomba kazi haina nafasi.

Sentensi ya kwanza tungeiandika upya kabisa: “I worked for the company for four years.” Ni fupi, haina mtego, na inamwonyesha msomaji kitenzi cha kazi badala ya cheo. Sentensi ya pili inaweza kuwa “The staff were very kind” au “The staff was very kind”, kutegemea nani atakayeisoma. Kama hujui ni nani, “My colleagues were very kind” inafika kote. Tungekushauri hata uitoe: mwajiri anataka kujua wewe ulifanya nini, wema wa wenzako haumsaidii kuamua.

Kwa idadi, Waingereza wanakubali “ten staff”, na “ten staff members” inakubalika kila mahali.

Jihadhari pia na “personnel”. Linafanana na la Kifaransa herufi kwa herufi kasoro lafudhi, na Kifaransa kinasema “le personnel est”. Kiingereza kinalichukua kwa wingi: “Security personnel are at the gate.” Kinyume chake, “management” liache katika umoja: “The management has changed the timetable.” Waingereza wengine watasema “have”, lakini umoja hautakuletea swali.

“The police is” au “the police are”?
*Mwanafunzi, mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

“The police are”, daima, Uingereza na Marekani. Hapa hakuna kuchagua. Kifaransa ndicho kinachokudanganya na “la police est”. Kiswahili chako cha nyumbani kiko upande wa Kiingereza, maana unasema polisi wamefika, sio polisi imefika. Mtu mmoja ni “a police officer”. Katika kapu hilohilo weka “people”: “People are waiting”, pamoja na “cattle”, ng'ombe kwa ujumla: “The cattle are on the road.” Ng'ombe mmoja haitwi “a cattle”, ni “a cow” au “a bull”, na wakihesabiwa sokoni ni “twenty head of cattle”, “head” bila “s”. “Peoples” lipo, lakini maana yake ni mataifa au makabila, haliwahusu watu waliosimama foleni.

Ninapitisha mizigo mpakani. Kila siku ninaandika barua pepe kwa Wazambia: “The equipments are arrived”, “Thank you for the informations”. Wananielewa, lakini juzi mmoja amenirudishia sentensi ikiwa imesahihishwa, nikaona haya. Nisaidieni, aksanti.
*Wakala wa forodha, Kasumbalesa*

Ndugu yetu, hapa tumetoka kwenye makundi ya watu, tumeingia kwenye makundi ya vitu, na sheria inageuka. “Team” unaweza kuihesabu: timu moja, timu mbili. “Equipment”, “machinery”, “luggage”, “furniture”, “information” na “advice” Kiingereza kinakataa kuyahesabu kabisa. Hayapokei “s”, hayapokei “a”, na kitenzi chake ni umoja, Uingereza na Marekani sawasawa. Kwa Kifaransa yanahesabika: “les équipements”, “les bagages”, “les meubles”, “les informations”, “les conseils”. Kosa lako linatoka huko, na linatoka kwa karibu kila mtu aliyesoma Kongo. Huna haja ya kuona haya.

Sentensi yako ya kwanza ina kosa jingine ambalo halihusu hesabu. “Are arrived” ni “sont arrivés” iliyovaa nguo za Kiingereza. Kiingereza kinatumia “have” na “has” kwa vitenzi vyote, vya kwenda na kufika vikiwemo. Kwa hiyo: “The equipment has arrived.” Na ya pili: “Thank you for the information.”

Ukitaka kuhesabu, weka kipimo mbele, na kitenzi kifuate kipimo: “Three pieces of equipment have arrived.” “Two items of luggage are missing.” Au tumia neno linalohesabika. “The machinery is on the truck”, lakini “the machines are on the truck”. “The paperwork is ready”, lakini “the documents are ready”. “The sulphur is in bags”, lakini “the bags are wet”. Mtu wa mpakani akishika jozi hizo tatu tu, sehemu kubwa ya barua zake imenyooka.

Kuna maneno mawili ya kazi yako yanayokwenda kinyume. “Goods”, bidhaa, ni wingi siku zote: “The goods are at the border.” “Cargo”, shehena, kwa kawaida ni umoja: “The cargo is insured.” Zote mbili unazizungumzia juu ya lori lilelile, na bado kitenzi kinabadilika. Hakuna hila ya kukariri hapo. Andika sentensi hizo mbili kwenye karatasi, uibandike mbele ya meza yako.

Na hii: “The convoy of fifteen trucks is waiting.” Macho yanaona “trucks”, mkono unataka kuandika “are”. Anayesubiri ni msafara, “the convoy”. Lile “of fifteen trucks” linaeleza tu msafara una nini.

Ninamaliza mémoire yangu, yaani tasnifu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi na lazima niweke muhtasari kwa Kiingereza. Ninachanganyikiwa na “a number of”, “the number of”, “majority”, asilimia, na “data”.
*Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Lubumbashi*

Tuanze na jozi inayowaangusha wengi, maana herufi chache zinageuza sentensi yote. “A number of workers are absent”: wafanyakazi kadhaa hawapo. “A number of” ni kama “kadhaa”, kiima chenyewe ni “workers”, kwa hiyo wingi. “The number of workers is falling”: idadi ya wafanyakazi inashuka. Kinachoshuka ni idadi, kitu kimoja, kwa hiyo umoja. Ukitaka kujipima, tafsiri kwa Kiswahili: likitoka “kadhaa” andika wingi, likitoka “idadi ya” andika umoja. Na “there” mbele haibadilishi kitu: “There are a number of reasons.”

Kwa asilimia, sehemu na “majority”, kitenzi kinatazama kile kinachofuata “of”. “Sixty percent of the ore is exported”, kwa sababu “ore”, mawe ya madini, halihesabiki. “Sixty percent of the workers are young”, kwa sababu wafanyakazi wanahesabika. “Two thirds of the water is lost.” “Two thirds of the houses have electricity.” “The majority of the respondents were women”: wengi wa waliohojiwa walikuwa wanawake. Lakini “majority” ikiwa ni ule wingi wa kura wenyewe, inakuwa kitu kimoja: “The majority was small.” Usiandike “the majority of the water”, kwa visivyohesabika sema “most of the water”.

Vipimo na fedha vinatazamwa kama jumla moja. “Three hundred dollars is too much for this room.” “Forty tonnes is too heavy for this bridge.” Mwanafunzi anaona “dollars” na “tonnes” zenye “s”, anaandika “are”. Hapa hakuna anayehesabu noti wala tani moja moja. Kinachosemwa ni kiasi. Ukirudi kuhesabu vitu, wingi unarudi: “Forty bags are torn.”

“More than one worker is absent” ni umoja, ingawa akili inasema zaidi ya mmoja ni wengi. Neno lililo jirani na kitenzi, “one worker”, ndilo lililoshinda hapa, na desturi imekwisha kukaa.

“Data” kwa asili ni wingi wa neno la Kilatini “datum”. Katika maandishi ya sayansi wengi bado wanaandika “the data are”. Katika lugha ya kawaida na ya kompyuta “the data is” imeenea. Muulize anayekusimamia anataka ipi. Kisha fungua faili yako, tafuta neno “data” kwa kitufe cha kutafutia, upitie kila mahali lilipo, maana kosa la kweli ni “data are” ukurasa wa kwanza na “data is” ukurasa wa tatu. Fanya vivyo hivyo kwa “team” na “committee”. Zoezi zima linachukua dakika chache, na msomaji mkali wa jopo lako hatapata pa kushika.

Gécamines ina “s” mwishoni. Ni “Gécamines are”?
*Msomaji, Kipushi*

Hapana. Ile “s” ni ya jina tu, kampuni ni moja: “Gécamines has its headquarters in Lubumbashi.” Ni hivyo pia kwa “the United Nations is” na “the United States is”. Katiba ya Marekani ya 1787, ikitaja “the United States”, iliendelea na “them”, kana kwamba ni nchi nyingi. Leo umoja umeshinda. Mwingereza anaweza kuipa kampuni wingi akiwaza wakubwa wake waliomo, kwa mfano “Gécamines have signed”, lakini sababu yake itakuwa watu hao, “s” haimo. Na ndiyo maana “mathematics is difficult”, “physics is difficult” na “the news is good” ni umoja, ingawa yote yanaishia na “s”.

Ninafundisha Kiingereza sekondari. Nina wanafunzi sitini, ubao na chaki. Somo hili nilianzie wapi, na katika kusahihisha nikate nini, niache nini?
*Mwalimu, Likasi*

Mwalimu mwenzetu, usianze na “team”. Vitabu vingi vinaanza hapo, na mtoto anajifunza kwanza kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Anza na yasiyo na hiari. Kipindi cha kwanza: “police”, “people”, “cattle”, wingi tu. Kipindi cha pili: “information”, “advice”, “equipment”, “furniture”, “luggage”, “news”, umoja tu, yakiandikwa kando ya Kifaransa chake ili waone mtego ulipo. Kipindi cha tatu ndipo ulete “team”, “family”, “class”, “committee”, yenye njia mbili. Ukifuata mpangilio huo, mwanafunzi hatachukua uhuru wa “family” na kuupeleka kwa “equipment”. Kosa la “the equipment are” mara nyingi linazaliwa hivyo: amesikia kwamba kundi linaweza kuwa wingi, akaona “equipment” nayo ni kundi.

Kwa kipindi cha tatu, gawa ubao sehemu mbili. Juu ya moja andika “mwili mmoja”, juu ya nyingine “watu waliomo”. Soma sentensi kumi kwa Kiswahili, bila Kiingereza kwanza: familia ina watu wanane, familia wanabishana, komite ilianzishwa mwaka jana, komite hawakubaliani, darasa ni kubwa mno, darasa wanaandika majina yao. Wanafunzi waseme kila moja iende upande gani. Wakikosana juu ya sentensi, waache wabishane dakika moja, ndipo sheria inapoingia. Baadaye tu waandike Kiingereza: “The family has eight members”, “The family are arguing”, “The class is too big”, “The class are writing their names.” Waongeze chini ya kila sentensi ya wingi namna ya Mmarekani: “The members of the family are arguing”, “The students are writing their names.”

Kwa makosa ya umbali, yaani kiima kikiwa mbali na kitenzi, chaki inatosha. Andika “The list of the new students is on the door.” Funika “of the new students” kwa kiganja, waombe wasome kilichobaki. Rudia kwa “The team, together with its coaches, is at the airport.” Yanayoanza na “together with”, “along with” na “as well as” hayaongezi hesabu ya kiima. Lakini “The team and the coaches are at the airport” ni wingi, kwa sababu “and” inaongeza.

Katika kusahihisha, kata bila huruma “the police is”, “informations”, “an advice”, “a staff”, “every family have”, na mchanganyiko wa “has” na “are” juu ya kundi lilelile ndani ya sentensi moja. Usikate “the team are” wala “the team is”. Usikate “a group of students is waiting” wala “a group of students are waiting”. Zote mbili zinaandikwa na watu wanaojua lugha yao, wa kwanza akilitazama kundi, wa pili akiwatazama wanafunzi.

Kama wapo wanaojiandaa kwa mitihani ya nje, waambie hivi. TOEFL inatungwa Marekani, kwa hiyo kwa makundi ya watu wazoee umoja. IELTS inakubali Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, mradi mwandishi asirukeruke. Mwanafunzi asiyejua bado atafanya upi ajizoeze umoja kwa kila neno la njia mbili, na wingi kwa “police”, “people” na “cattle”.